Aliyepepea ni Nani? Al-Inkishafi katika Somo la Historia

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, makala haya yanahusu shairi ambalo wengi wetu tulilisoma chuoni, tukalitaja katika insha mbili tatu, kisha tukalirudisha rafuni. Shairi lenyewe ni Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Halimo miongoni mwa vitabu teule vya sasa vya sekondari, na huenda ukauliza kwa nini nakupotezea wakati. Jibu langu ni la kazini. Nilifuzu kufundisha masomo mawili, Kiswahili na Historia, na nayafundisha yote mawili katika shule moja ya sekondari ya visiwa vya Lamu. Shairi hili ndilo lililonionyesha kwamba masomo hayo, niliyokuwa nikiyafundisha katika chumba kilekile kwa wanafunzi walewale, yalikuwa hayajuani hata kwa salamu.

Niseme mapema ninalotaka kulitetea. Walimu wa Kiswahili tumezoea kulisoma Al-Inkishafi kama mawaidha tu: dunia hadaa, ulimwengu shujaa, basi. Walimu wa Historia, wakilikumbuka, hulitumia kama ushahidi wa kuanguka kwa mji wa Pate. Nadhani pande zote mbili zimelipunja. Shairi hili ni shahidi dhaifu sana wa sababu za kuanguka kwa Pate. Lakini ni shahidi mzuri wa jambo jingine, yaani namna watu walivyoishi ndani ya nyumba zile, na nani alimfanyia nani kazi. Jambo hili la pili ndilo gumu kulifundisha hapa kwetu, na ndilo lililonishinda mara ya kwanza.

Kwa faida ya mtahiniwa, nitaje ya msingi kwa haraka. Wengi hukadiria kuwa mshairi aliishi baina ya mwaka 1720 na 1820 hivi, na utungo wake huwekwa mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Shairi lina beti zaidi ya 70. Kila ubeti una mishororo minne; mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina chake ambacho hujirudia hadi mwisho wa utungo. Nafsineni inauzungumzia moyo wake, inauonya, inauuliza maswali, na kuupeleka kutazama magofu. William Hichens alilichapisha London mwaka 1939, na James de Vere Allen akatoa toleo lake mwaka 1977. Nyuma ya Wazungu hawa yupo Muhamadi Kijuma wa Lamu, fundi wa nakshi na mwandishi wa hati, ambaye mkono wake ulinakili tungo nyingi tunazozisoma leo. Jina lake huwa halitajwi katika miongozo. Mimi pia nilihitimu chuo kikuu bila ya kulisikia.

Sasa tuingie darasani. Mwanafunzi wa 8-4-4 alisoma habari za pwani katika kidato cha kwanza, kwa Kiingereza. Alipewa wageni waliokuja, sababu za kuja kwao, faida za biashara, kisha sababu za kuporomoka kwa miji. Orodha hiyo anaijua kila mtahiniwa: Wareno waliingia kwa nguvu, wakapora Kilwa na Mombasa mwaka 1505, Wazimba wakafuata mwishoni mwa miaka ya 1580, biashara ikahamishwa, maji yakapungua, miji ikapigana yenyewe kwa yenyewe. Mwanafunzi huikariri na kupata alama zake.

Tatizo ni kwamba orodha hiyo haikai sawasawa juu ya Pate, na wanafunzi wangu wanatoka Pate, Siyu, Faza, Shela na Amu. Pate haikuporomoka Wareno walipokuja. Kinyume chake, ilistawi hasa katika karne ya 17 na ya 18, Wareno wakiwapo na baada ya kung'olewa Fort Jesus mwaka 1698. Ni hapohapo Pate, mwaka 1728, ambapo Bwana Mwengo alitunga Utenzi wa Tambuka, mojawapo ya tungo ndefu za kale tulizo nazo. Mji unaokufa haulipi wanakili na haukusanyi wasikilizaji wa tenzi. Kwa hivyo mwanafunzi wa kisiwani anapoandika kwamba miji ya pwani ilikufa kwa sababu ya Wareno, anapata alama kwa jibu ambalo si la mji wake.

Hapo ndipo nilipolileta Al-Inkishafi, nikidhani nimepata dawa. Nilichagua beti za kati, zile za majumba, nikazisoma na kidato cha tatu, kisha nikawapa swali: kwa kurejelea shairi, eleza sababu za kuanguka kwa Pate. Majibu yalikuja yamenyooka. Karibu wote waliandika kuwa Pate ilianguka kwa sababu ya anasa, kiburi na kumsahau Mungu. Niliwapa alama. Siku chache baadaye nilikuwa nayasoma tena majibu yale kwa ajili ya mkutano wa walimu wa somo, nikaona aibu. Sikuwa nimewafundisha fasihi, wala historia.

Msomaji, hebu lirudie shairi lenyewe utazame linasema nini hasa. Matajiri wa Pate wanaelezwa wakiwa na majumba yenye taa zinazong'aa hata usiku ukawa kama mchana, wana vyombo vya thamani, wanatembea kwa maringo. Kisha wamekufa. Hatuambiwi popote kwamba anasa ndiyo iliyobomoa nyumba. Tunaambiwa kwamba anasa haikuzuia kitu. Hizi ni kauli mbili tofauti, na mwanafunzi asiyeziona kuwa tofauti hajasoma ushairi, amekusanya maneno tu. Mshairi hatoi hoja ya kihistoria kuhusu chanzo. Anauonyesha moyo wake kaburi. Angeweza kuutunga utungo uleule kwa mji uliokufa kwa njaa au kwa tauni, na hoja yake isingepungukiwa na kitu.

Isitoshe, tazama aliyoyanyamazia. Karibu na wakati tunaoudhania kuwa wa utungo huu, mwaka 1812 au 1813, jeshi la Pate likishirikiana na Wamazrui wa Mombasa lilishuka Shela kuipiga Amu, likashindwa vibaya. Maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimelala mchangani, na waliokimbilia ufuoni hawakupata pa kupandia. Baada ya hapo watu wa Amu waliomba hifadhi kwa Sayyid Said wa Oman, liwali akaletwa, na ngome iliyo katikati ya mji ikamalizwa kujengwa takriban mwaka 1821. Hili ni tukio kubwa kuliko yote ya siasa katika visiwa hivi kwa karne ile. Katika Al-Inkishafi halimo. Wamazrui hawamo, Oman haimo, Wareno hawamo. Wapo watu wa Pate, baadhi kwa majina yao na mitaa yao, na swali linalorudiwarudiwa la kuuliza wako wapi.

Kama ni habari za vita na wafalme, mwalimu anapaswa kwenda kwingine, na huko nako aende akiwa macho. Habari za Pate zilisimuliwa na Bwana Kitini, mtu wa ukoo wa Wanabahani, na Stigand akazitoa kwa Kiingereza mwaka 1913. Kitabu cha asili chasemekana kilipotea Waingereza walipoishambulia Witu mwaka 1890. Habari za Lamu ziliandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed, mtu wa Amu, na zikachapishwa mwaka 1938. Mwanafunzi akizisoma mbili hizi sambamba ataona mapema kwamba kila mji unajisimulia kwa upendo. Habari za Pate zinamleta Mnabahani wa kwanza mwanzoni mwa karne ya 13. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick alizitilia shaka tarehe hizo, akasema Pate haikuwa mji mkubwa mapema hivyo. Wachimbaji waliomfuata wakakuta katika Pate yenyewe dalili za makazi ya kale kuliko alivyodhani, na Mark Horton, aliyechimba Shanga katika miaka ya 1980, alikuta huko msikiti juu ya msikiti hadi karne ya 8. Darasani nasema hivi: msimulizi anaweza kukosea tarehe, na mchimbaji naye anaweza kukosea kwa kuchimba mahali pamoja. Wanafunzi hupenda sana kusikia kwamba profesa alisahihishwa na udongo.

Lakini turudi kwenye shairi, maana bado sijalitendea haki. Lina ushahidi, tena mwingi, ila ni wa aina nyingine. Vidaka, kwa mfano. Katika shule za bara, ambako nilifanya mazoezi ya kufundisha, ningelazimika kutumia nusu ya kipindi nieleze kuwa ni vishimo vilivyopangwa ukutani kwa chokaa, vya kuwekea sahani na mapambo. Hapa nilipoanza kueleza, msichana mmoja wa mbele alinikatiza kwa heshima: "Mwalimu, kwetu vimo." Akasimama yeye, akatueleza vinavyojengwa, na ni ukuta upi huwa navyo. Mimi si mzaliwa wa Lamu. Lahaja ya Kiamu iliyoko katika shairi, ambayo mimi niliisoma kwa msaada wa maelezo ya chini ya ukurasa, wao waliipokea kama sauti ya bibi zao: mato badala ya macho, nti badala ya nchi. Ni mara chache katika nchi hii mwanafunzi wa kisiwani anapokuwa na la kumfundisha mwalimu wake kutoka ndani ya kitabu.

Mshairi anasema vidaka vilivyowekwa vyombo vya kaure sasa ni viota, ndege wanalelea makinda humo. Popo wanazunguka vyumbani, na nyua zimeota miiba. Tulikwenda kuyaona. Tulishukia Mtangawanda, tukatembea hadi Pate. Mtu ambaye hajafika huko hawezi kukisia jambo moja: baina ya kuta za kale watu wanalima tumbaku. Majani mapana ya kijani yamesimama safu kwa safu katika vyumba vilivyokuwa vya wageni, na kidaka kiko juu yake kitupu. Mshairi hakuiona tumbaku hiyo, au hakuitaja. Mwanafunzi mmoja alimuuliza mzee aliyekuwa akipalilia, "Babu, nyumba hizi ni za nani?" Mzee akajibu bila kuinua mgongo, "Za wenyewe." Wenyewe ni nani? "Wenyewe ndio hao wasioko." Kisha akaendelea na jembe lake. Nilitamani kuliandika jibu lile ubaoni pamoja na maswali ya balagha ya mshairi, lakini hatukuwa na ubao.

Ni katika safari ileile, tukiwa tumeketi kivulini kula, niliposoma kwa sauti ubeti unaoeleza jinsi matajiri walivyolala. Wapo wa kuwakanda, wapo wa kuwapepea, na wapo wanawake wa kuwatumbuiza wasinyamaze. Mvulana mmoja, mpole, asiyesema sana, akauliza: "Mwalimu, huyo aliyekuwa akipepea, jina lake nani?"

Darasa likacheka. Halikuwa swali la kuchekesha. Walicheka kwa sababu wao kwa wao wanajua nani ni wa ukoo upi, na walidhani wanajua kwa nini ni yeye aliyeuliza. Nami nikafanya kosa ambalo hadi leo linaniuma. Nikasema, "Shairi halisemi," nikafungua ubeti uliofuata.

Jibu langu lilikuwa sahihi na lilikuwa baya. Ni kweli shairi halisemi. Mshairi anayetaja majina ya wakubwa wa Pate mmoja baada ya mwingine, akiwaulizia waliko kwa uchungu, hakutaja hata jina moja la mkandaji wala la mpepeaji. Hao wapo kama taa zilivyopo na kama vitanda vilivyopo: ni sehemu ya fahari ya mwenye nyumba. Walipokufa hawakuulizwa wako wapi. Mwalimu wa fasihi akiliona hili amepata jambo la fani na la maudhui kwa pamoja, yaani nani anapewa jina na nani anapewa kitenzi tu. Mwalimu wa historia akiliona amepata ushahidi wa utumwa wa nyumbani katika mji wa Waswahili, kutoka kwa kalamu ya mtu wa mji huohuo, bila ya kuutegemea waraka wa mmishonari wala wa balozi wa Uingereza. Ushahidi huu una uzito kwa sababu mshairi hakukusudia kuutoa.

Shahidi wa pili yuko karibu. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, Sheikh wa Siyu aliyepigana kwa miaka mingi na Sayyid Said. Vita hivyo havimo katika utenzi, kama vile Shela isivyomo katika Al-Inkishafi. Tungo zetu za kale zina tabia ya kuufunga mlango wa mbele siasa zinapopita. Lakini ndani ya nyumba tunaingizwa. Miongoni mwa nasaha zake, mama anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Tumeifundisha nasaha hiyo mara ngapi chini ya kichwa "nafasi ya mwanamke", tukaliruka neno watumwa kana kwamba ni jiwe njiani? Mwanamke katika utenzi huo hayuko peke yake nyumbani. Kuna mwanamke mwingine, anayefanya kazi, asiye na utenzi.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili si jepesi hapa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kwa historia hiyo ni jana. Bado kuna wazee waliolelewa na watu waliozaliwa kabla ya mwaka huo. Mji wa Amu wenyewe umebeba kumbukumbu hiyo katika mitaa yake, Mkomani ya nyumba za mawe na Langoni iliyokua kwa watu wa makuti na wageni. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija katika karne ya 19, anakumbukwa hasa kwa kuwafungulia elimu ya dini watu wa chini, wakiwamo watumwa na watoto wao, jambo lililowakera baadhi ya wakubwa wa mji. Riyadha, msikiti na chuo chake, upo Langoni hadi leo. Haya si siri. Abdul Hamid el-Zein aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1974. Lakini kujulikana ni kitu kimoja, na kusemwa mbele ya wanafunzi arubaini ni kitu kingine.

Muhula ule uliotangulia safari nilikuwa nimetoa kazi ambayo miongozo ya ufundishaji huipenda: andika historia ya ukoo wako hadi kizazi cha nne. Nilidhani ni kazi isiyo na madhara. Baadhi walileta kurasa sita, zenye nasaba inayovuka bahari. Yule mvulana alileta karatasi yenye jina lake juu, na chini yake hakuna kitu. Nilimwandikia kwa wino mwekundu kuwa hakufanya kazi. Ni baada tu ya swali lake kule Pate nilipoelewa kuwa alikuwa ameifanya.

Tangu hapo sitoi kazi hiyo tena, na nakushauri nawe usiitoe, hasa kama unafundisha mahali ambapo nasaba ni cheo. Najua mtaala mpya wa umilisi unahimiza mwanafunzi aanze na familia yake na jamii yake, na kwa masomo ya jamii si wazo baya. Lakini mwalimu atofautishe kumwomba mtoto aeleze kazi za watu wa kwao na kumwomba athibitishe wao ni nani. La kwanza kila mtoto analiweza. La pili linawapa wachache jukwaa na kuwaweka wengine kizimbani.

Nasikia pingamizi, na limenifikia kutoka kwa mwenzangu ninayemheshimu, mzaliwa wa kisiwa hiki. Aliniambia: "Ndugu yangu, hili ni shairi la dini. Mtu anaulilia moyo wake mbele ya Mola, wewe unatafuta mtumwa aliyeshika kipepeo." Pingamizi hili lina haki yake. Hatuna ruhusa ya kumgeuza Sayyid Abdalla kuwa mpinga utumwa, kama wafanyavyo baadhi ya wahakiki wanaotaka kila mshairi wa kale awe mwanamapinduzi. Lengo lake ni toba, na sehemu ya mwisho ya utungo, inayotaja majina ya Jehanamu, haimwachi msomaji na shaka. Asiyeifundisha sehemu hiyo amelikata shairi kichwa. Lakini mwandishi anaweza kulia kwa jambo moja na kutuonyesha jingine. Tena hoja ya dini yenyewe inazidi kuwa kali ukimtazama mpepeaji: bwana aliyelala na mtumishi aliyekesha wamelala sasa katika mchanga mmoja. Mshairi hakuitamka hitimisho hiyo. Mwanafunzi anaweza kuifikia, mradi aseme wazi kuwa ni yeye aliyeifikia.

Hapa ndipo nina neno kwa mtahiniwa. Ukiulizwa juu ya muktadha wa kijamii wa utungo wowote wa kale, tenga mambo matatu katika jibu lako, wala usiyachanganye: yale nafsineni inayoyasema, yale utungo unayoyadokeza bila kukusudia, na yale unayoyajua kutoka nje ya utungo. "Pate ilianguka kwa sababu ya kiburi" si la kwanza, wala la pili, wala la tatu. "Mshairi anawataja watumishi kwa kazi zao bila majina, hali anawataja wakuu kwa majina" ni jibu lenye miguu, kwa sababu mtahini anaweza kulifuata hadi kwenye ubeti. Usiogope pia kuandika kuwa utungo umenyamaza. Kunyamaza ni mbinu, na kunaweza kuhakikiwa kama tashbihi inavyohakikiwa. Ila lazima uonyeshe kilichotarajiwa kusemwa, la sivyo utakuwa unauadhibu utungo kwa kutotaja reli.

Kwa walimu, nimeona faida ya kuliweka Al-Inkishafi kando ya Sambo ya Kiwandeo, utungo wa Ahmed Sheikh Nabhany uliotoka mwaka 1979. Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2017, anaijenga merikebu mbele ya macho yetu tangu mti ukatwe hadi chombo kisafiri, na kila kifaa na kila hatua ina neno lake. Kishairi simlinganishi na Sayyid Abdalla. Utungo wa Nabhany una ukavu wa orodha mahali pengine, na wanafunzi wangu walisinzia katikati, wale wasio wana wa mabaharia. Lakini humo kazi ina heshima ya kutajwa. Mwanafunzi akitoka hapo akarudi kwenye majumba ya Pate, anaanza mwenyewe kuuliza maswali ambayo mimi nilimnyima.

Ndivyo tulivyofanya muhula uliofuata. Nililirudisha darasani swali la yule mvulana bila ya kulitaja kuwa ni lake. Niliandika ubaoni: taa moja katika nyumba moja ya Pate inawaka usiku, ni watu wangapi wamefanya kazi ili iwake? Walianza polepole. Mleta mafuta. Aliyeiagiza taa, na nahodha aliyeileta. Kisha wakaingia ukutani: mkata boriti katika mikoko, mkata mawe ya matumbawe, mbeba mawe, mchoma chokaa, mkata kuni za tanuri, mchota maji, fundi wa vidaka. Mmoja akasema, "Aliyeifuta masizi asubuhi." Hakuna aliyecheka. Kipindi kiliisha tukiwa na kazi 23, na baadhi yake zingali zinafanywa visiwani hadi leo. Kule Maweni, kisiwani Manda, watu wangali wanakata mawe ya kujengea.

Yule mvulana alikuja mezani pangu baada ya kengele. Aliniuliza kama anaweza kuileta sasa ile kazi ya muhula uliopita, na kama itahesabiwa akiandika juu ya kukata mawe. Nilimwambia aandike. Alileta kurasa nne, za jinsi jiwe linavyopimwa kwa jicho kabla ya kupigwa, na jina la mjomba wake liko katika mstari wa kwanza.